Ng'ombe Niliowaua kwa Chaki

Nimefundisha miaka ya kutosha kuwa na haki ya kusema jambo hili bila kuomba radhi: mwalimu mvivu huwadhulumu wanafunzi wake kwa bahati mbaya, lakini mwalimu mwenye bidii huwadhulumu kwa ratiba. Mimi nilikuwa na bidii. Katika wiki moja tu, ndani ya shule ya msingi ya kijiji kimoja kati ya Kilosa na Mikumi, niliangamiza mifugo ya mzee ambaye sikuwa nimemwona kwa macho. Ijumaa nikamuua na yeye mwenyewe, nikagawa mirathi yake, nikasahihisha majibu kwa wino mwekundu, kisha nikalala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu wake.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, mwanachuo wa ualimu wa mwaka wa mwisho, niliyepelekwa huko kwa mazoezi ya kufundisha ya wiki sita. Niliteremka stesheni ya Kilosa na sanduku la bati lililokuwa na magauni matatu, mfuko wa mbegu za kuhesabia, na vitabu kumi na kimoja. Vitabu hivyo nilikuwa nimevisoma vyote, na hapo ndipo ilipokuwa shida, kwa maana kijana aliyesoma vitabu kumi na kimoja huwa na majibu ya maswali yote ambayo hakuna aliyemuuliza.

Wenyeji wa kijiji walikuwa wakulima wa siku nyingi, watu wa mahindi, mpunga na pamba, ambao nyumba zao zilikuwa zimepangwa kwa mistari tangu operesheni ya kuhamia vijijini. Ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, walikaa wafugaji. Hao walikuwa wameitiwa mikutano mitatu ili wakubali kuleta watoto shuleni. Katika mkutano wa tatu walikubali kutoa watoto saba kwa majaribio, kama mtu anavyopeleka ng'ombe wachache kwenye josho jipya aone kwanza kama watatoka hai.

Mkubwa wa hao saba alikuwa binti wa miaka kumi hivi, aliyekuwa darasa la tatu, darasa nililopewa mimi. Wale sita wengine, wa madarasa ya chini, walimfuata asubuhi na jioni kama ndama. Alipokaa walikaa, na alipoondoka waliondoka.

Kosa langu la kwanza nililifanya kabla ya kengele ya kipindi cha kwanza. Nilipoingia darasani watoto walisimama wakaniamkia kwa sauti moja, isipokuwa yule binti. Yeye aliinamisha kichwa tu.

"Na wewe?" nikamuuliza. "Kwenu hamwamkii wakubwa?"

Akasogea hatua moja mbele, kichwa kikiwa bado chini, kama mbuzi anayetaka kupiga pembe. Nikarudi nyuma hatua moja. Akasogea tena. Nikafika ubaoni, pasipo na njia ya kurudi nyuma zaidi, nikamwamuru aketi. Jioni niliandika katika daftari langu: "Mkaidi. Afuatiliwe."

Siku ile ile niliwapa jaribio, nikawapanga kwa matokeo yake. Madawati hayakuwapo, watoto walikalia nguzo za mkonge zilizolazwa juu ya matofali. Nguzo ya mbele niliiita Twiga, ya katikati Nyati, ya nyuma Kobe. Kitabu kimoja kati ya vile kumi na kimoja kilidai kwamba kundi likipewa jina zuri la mnyama, mtoto hatajua kuwa amewekwa na wazito. Mwandishi wa kitabu hicho, nadhani, hakuwahi kukutana na mtoto. Kabla ya mapumziko nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Usinisogelee, Kobe. Utanichelewesha." Mtoto wa kiume wa mwenyekiti wa kijiji alikuwa Twiga, naye alianza kutembea akiwa amenyosha shingo. Yule binti alipata maswali yote ya mahindi na kunde, lakini kwa ule ukaidi wa asubuhi nikamweka Nyati.

Kisha haki ikaniingia kichwani kama homa. Chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba somo lianze na mazingira ya mtoto. Niliyapitia maswali yangu, nikaona kwamba yote ni ya mashambani: magunia, vikapu, madebe. Nikajiuliza, je, mtoto wa mfugaji naye hana mazingira? Je, si dhuluma kumhesabisha pamba ambayo babake hailimi? Nilikaa kitandani, taa ya chemli pembeni, nikaandika upya maandalio ya somo ya wiki nzima kwa ajili ya mtoto mmoja. Sijui kama nimewahi kujipenda kiasi kile tangu hapo.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya kutoa na kugawanya. Jumatatu niliandika ubaoni kwamba baba yake binti huyu ana ng'ombe arobaini na wanane, na kwamba sita wamesombwa na mto. Nilimwaga mbegu mezani ziwe ng'ombe, nikaziondoa sita kwa kiganja. "Haya, binti. Wamebaki wangapi?" Akatazama sakafu. Jumanne tisa walikufa kwa ugonjwa. Akatazama sakafu. Jumatano, ili kuleta uhai darasani, niliwaleta simba watatu kutoka mbuga ya Mikumi, na kila simba akala ng'ombe wawili. Darasa zima lilifurahi sana, na mtoto wa mwenyekiti akaomba simba waongezwe. Binti akaziba masikio kwa mikono yote miwili. Nikamhamishia Kobe. Alhamisi niliuza kumi na mmoja. Ijumaa, kwa kuwa tulikuwa tumefika kwenye kugawanya kwenye baki, niliandika: "Mzee akifariki, ng'ombe kumi na sita waliobaki watagawanywa sawa kwa watoto wake watano. Kila mtoto atapata wangapi, na watabaki wangapi?"

Binti alikuwa analia. Niliandika: "Hawezi kabisa kutoa. Jaribio la kwanza huenda alinakili."

Watoto wa wakulima walilipenda somo lile mno, wakawa wanaulizana njiani kwa sauti kubwa mpaka bondeni, ambako kulikuwa na watu wanaochunga na wenye masikio.

Jumatatu iliyofuata mwalimu mkuu aliniita nje ya ofisi yake. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kikohozi alichokitumia kama wengine wanavyotumia nukta. Pamoja naye alikuwapo mwenyekiti wa kijiji, na mbele yao walisimama wazee watatu wa wafugaji, fimbo mikononi. Wa katikati, mrefu kuliko wote, ndiye aliyekuwa baba wa binti. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akanyanyua mkono. Nilijua napigwa, nikainama haraka kulinda uso. Kiganja chake kikatua utosini pangu taratibu, kikaondoka.

"Angalau," akamwambia mwalimu mkuu, "amefundishwa kusalimia."

Nikiwa bado nimeinama hivyo hivyo, nilimkumbuka binti yake aliyenifuata na kichwa mpaka ubaoni, nikaona aibu ikinipanda kuanzia miguuni.

"Mimi sikuja kugombana," mzee akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole lakini hakikukosea njia. "Nimekuja kuuliza. Ng'ombe wangu wamemkosea nini huyu mtoto?"

Mwalimu mkuu akanigeukia. "Mwalimu, umegusa ng'ombe wa mzee?"

"Hapana, Mwalimu Mkuu. Sijawahi hata kuwaona."

"Kama hajawaona," mzee akauliza, "chuki yote hii inatoka wapi? Jumatatu aliwatosa mtoni. Jumanne akawapa ugonjwa. Jumatano akawaita simba."

"Simba watatu," sauti ya mtoto wa mwenyekiti ikasaidia kutoka dirishani. "Kila mmoja wawili."

"Alhamisi akawauza, wala hakuniuliza. Ijumaa nikaambiwa nimekufa. Wanangu wamegawana, na mmoja amebaki hana mwenyewe. Nauliza, huyo mmoja nani anamchunga?"

Mwenyekiti alivuta pumzi kwa uchungu wa uongozi. "Ndugu Mwalimu," akasema, "kijiji hiki ni cha ujamaa. Hapa hatuui hata mbuzi wa mtu bila kikao."

Nilijitetea. Nilieleza kuhusu mazingira ya mtoto, dhana ya kutoa, umuhimu wa zana. Wazee wawili wasiojua Kiswahili walimtazama binti, aliyeitwa awatafsirie. Nilipomaliza, yeye alisema maneno matatu tu kwa lugha yao.

"Umewaambia nini?" nikamuuliza.

"Nimesema hukujua, Mwalimu."

"Nilisema mengi zaidi ya hayo."

"Ndiyo, Mwalimu. Hayo mengine yangewakasirisha."

Baba yake ndiye aliyenifundisha, pale pale mbele ya ofisi, jambo ambalo halikuwamo katika vitabu kumi na kimoja. Kwao ng'ombe hahesabiwi kwa kinywa. Ukimtaja kwa idadi umemwonyesha kwa kifo, na kifo hakihitaji kuonyeshwa mara mbili. Jumamosi ndama mmoja alikuwa ameanza kuharisha. "Binti atarudi kuchunga," akasema. "Shule yenu nimeiona." Akamshika mkono. Wale sita wadogo walikuwa wameshatoka madarasani mwao bila kuitwa, vijifuko vyao begani, na safari ikaanza kuelekea bondeni.

Mwalimu mkuu alikohoa mara mbili. "Alhamisi mkufunzi wako anatoka chuoni kuja kukukagua. Atakuta nafasi saba ziko wazi, ataniuliza kwa nini. Mimi ni mtu mzima, Mwalimu, siwezi kudanganya watu wa chuo. Nitamwambia umewafukuza. Mikutano mitatu tulifanya."

"Nikifeli sitapewa cheti, Mwalimu Mkuu."

"Basi mrudishe yule binti. Akirudi yeye wamerudi wote. Asiporudi, na wewe funga sanduku."

Nyumbani baba yangu alikuwa ameshaanza kuitwa Baba Mwalimu, naye alikuwa haitikii jina lingine.

Jumanne baada ya masomo nilivuka bonde. Nilikuwa nimeandika hotuba ya kuomba msamaha yenye sehemu nne, nikaibeba ndani ya bahasha ili jasho lisiifikie. Sehemu ya kwanza ilikuwa inahusu nia. Nilipofika bomani nilimwinamia kila mtu aliyeonekana kunizidi umri, pamoja na mwanamke mmoja ambaye, nilivyokuja kujua, alikuwa mdogo kwangu kwa mwaka. Alinigusa utosini bila kusita. Nadhani alilisimulia siku nyingi.

Hotuba sikuisoma. Walinikalisha kwenye kigoda, wakanipa maziwa ndani ya kibuyu yenye harufu ya moshi, na mzee akasema tungoje mifugo irudi kwanza, kwa kuwa hakuna mazungumzo ya maana wakati ng'ombe wako nje. Jua lilipoanza kushuka wakaja, vumbi likiwatangulia. Na mimi, mtu niliyetembea saa moja na nusu kwenda kuomba msamaha kwa kosa moja, nilinyosha kidole nikaanza kuwahesabu kwa mnong'ono. Nilikuwa nimefika wanne. Bibi mmoja mzee sana aliyekaa kando yangu akakishika kidole kile, akakikunja ndani ya ngumi yangu, akaishikilia ngumi yote mapajani mwake mpaka ng'ombe wa mwisho alipoingia. Hakunikemea. Alinishika kama unavyomshika mtoto anayechezea moto huku wewe ukiendelea na mazungumzo.

Binti alikuwa amesimama langoni. Hakuhesabu. Aliwatazama tu wakipita, midomo imefungwa, na ng'ombe wa mwisho alipokwisha kupita akamwambia baba yake jambo, na kijana mmoja akatoka mbio.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Mmoja hajarudi, Mwalimu. Yule mwekundu mwenye bega jeupe. Mama yake ni yule mwenye pembe iliyovunjika, na dada yake ndiye aliyezaa juzi. Yeye hupenda kubaki nyuma penye majani ya mtoni."

"Umejuaje?"

Alinitazama kwa subira ambayo mimi sikuwa nimemwonyesha hata siku moja. "Hayupo," akasema.

Kundi lile lilikuwa kubwa. Mtoto huyu alikuwa amelibeba lote kichwani, kila mmoja na rangi yake, ukoo wake na tabia yake, na kwa kuwatazama waliokuwapo alijua aliyekosekana. Kama hiyo siyo kutoa, basi mimi sijui kutoa ni nini. Nami nilikuwa nimemkalisha kwenye nguzo ya Kobe. Nisingependa msomaji afikiri kwamba nililia. Nilikunywa maziwa yaliyobaki ili uso wangu uwe ndani ya kibuyu.

Yule mwekundu alipokwisha kupatikana, mzee alitoa sharti lake. "Ng'ombe wangu uliwaulia darasani. Warudishe darasani. Nitakuja mwenyewe niwaone wakirudi. Wasiporudi wote, mtoto harudi."

Jumatano asubuhi nilivunja makundi yangu matatu. Wa mbele niliwachanganya na wa nyuma, wa nyuma na wa katikati, majina ya wanyama nikayafuta. Kabla ya saa mbili mwenyekiti alikuwa mlangoni.

"Ndugu Mwalimu, mwanangu alikuwa Twiga. Leo nasikia hana mnyama."

"Hakuna tena mwenye mnyama, Ndugu Mwenyekiti. Wote wako sawa."

Alifungua kinywa, akalikumbuka azimio la ujamaa alilokuwa akilihubiri katika kila mkutano, akakifunga. Ni mara moja tu maishani mwangu nimeuona usawa ukimkwama mtu kooni waziwazi namna ile.

Mzee alikuja na binti yake, na wale sita nyuma yao. Alikaa nguzo ya nyuma, magoti yakimfika kifuani, fimbo imesimama mbele yake. Mbegu zangu zilikuwa mchanganyiko: kunde, mahindi, njugu, maharage ya madoa, na karanga chache. Nilimwomba binti azichague ziwe ng'ombe, akazipanga kwa rangi na umbo kwa muda mrefu, akiziwekea mama na watoto. Kila mwanafunzi alipewa ng'ombe wake ashike. Juu ya meza niliweka vipande viwili vya chaki viwe lango. Kisha nikasema kwa sauti, kwa kuwa mzee alitaka nisikike, kwamba mto umepungua, ugonjwa umepona, simba wamekosa njia, mnunuzi amebadili mawazo, na mzee hajafa.

"Hajafa," darasa likaitikia lenyewe.

Watoto wakapita mmoja mmoja wakiingiza ng'ombe langoni. Hapo ndipo mlango ulipofunguka akaingia mkufunzi wangu, siku moja kabla ya ahadi. Alikuwa amepata nafasi kwenye lori la pamba, na nyuzi za pamba zilikuwa zimemjaa nyweleni akaonekana kama amezeeka njiani. Akaketi kando ya mzee, akafungua faili lake, akafungua kalamu. Andalio langu la siku ile lilisema: "Kuzidisha kwa tarakimu mbili."

Wa mwisho alipopita, binti akaitazama meza. "Mmoja hajarudi," akasema. "Yule mwekundu mwenye ganda lililochanika."

Tulitafuta chini ya nguzo na mifukoni. Hatimaye macho ya darasa zima yakatua kwa mtoto wa mwenyekiti, ambaye alikuwa ameacha kutafuna.

"Ulikuwa na ng'ombe?" nikamuuliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Yuko wapi?"

Akameza. "Alikuwa karanga, Mwalimu."

Nilitoa karanga nyingine mfukoni haraka, nikaiweka langoni. Binti akatikisa kichwa. "Huyo si yeye." Nilimtazama mzee. Alikuwa ameinama juu ya fimbo yake, mabega yakitetemeka, na ilinichukua muda kutambua kwamba anacheka. "Mwache," akamwambia binti yake. "Huyo ni ndama wake."

Nilidhani tumeokoka. Lakini mkufunzi, ambaye hakuelewa alichokiona ila alikipenda, alisimama ili kunisaidia. Wakufunzi wengi hufanya madhara yao makubwa wakiwa katika hali hiyo.

"Vizuri sana," akasema. "Sasa tufunge somo kwa tathmini. Mzee wangu, jumla una ng'ombe wangapi?"

Kicheko kilikuwa kimemtoka mzee usoni, na mkono wake ulikuwa unaitafuta fimbo ili ainuke. Binti alianza kutia daftari lake katika kifuko.

Chuoni tulifundishwa sheria nyingi ambazo nimezisahau, na moja ambayo hakuna aliyeisahau: mkufunzi hasahihishwi mbele ya wanafunzi. Kalamu yake ilikuwa wazi juu ya ukurasa wenye jina langu. Ningeweza kukaa kimya, na kosa lisingekuwa langu. Nilifikiri hivyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

"Mkufunzi, samahani," nikasema. "Swali hilo halijibiwi hapa."

"Halijibiwi?"

"Kwao ng'ombe hahesabiwi kwa kinywa. Mimi niliwahesabu wiki nzima, na ndiyo sababu mzee yuko darasani."

Alinitazama juu ya miwani. "Kwa hiyo nimekosea."

"Ndiyo, Mkufunzi. Kama mimi."

Dirishani alikuwapo mwalimu mkuu, aliyekuja kusikiliza. Alikohoa mara moja, na nilipotazama tena hakuwapo. Mkufunzi alitoa uzi wa pamba nyweleni, akaukagua, akauweka mfukoni.

"Basi niulize nini?"

Sikujua. Hilo nalo lilikuwa jambo jipya kwangu, kutojua mbele ya darasa. Nikamgeukia binti. "Tumuulize nini baba yako?"

Alifikiri, kifuko bado mkononi. "Muulize kama wote wamerudi."

Mkufunzi akamuuliza, kwa heshima, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake. Mzee aliitazama meza kwa muda, mbegu kwa mbegu.

"Wamerudi," akasema. "Na ndama."

Alipotoka alipita karibu na binti yake, akainama, akamwambia maneno machache kwa lugha yao. Yeye akakifungua kifuko, akarudisha daftari mapajani.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema nibaki, Mwalimu. Amesema ng'ombe wana wa kuwachunga. Wewe ndiye huna."

Mkufunzi alinipa alama ya chini kabisa kati ya zile zinazofaulu. Katika nafasi ya maoni aliandika: "Alimsahihisha mkaguzi mbele ya darasa. Alikuwa sahihi. Asirudie." Baba yangu aliendelea kuitwa Baba Mwalimu mpaka alipofariki, na sikumwonyesha karatasi ile.

Binti alinichunga kwa wiki zote zilizobaki, kutoka nguzo ya mbele, kwa uangalifu ambao hakuna mkaguzi aliyewahi kuufikia. Niliamua kwamba katika hesabu za kutoa, mwalimu ataua vya kwake tu. Siku ya kwanza niliandika kwamba Mwalimu ana kuku ishirini, na kumi na wawili wameibwa.

"Mwalimu," akasema, "una kuku wawili."

"Ni mfano tu."

"Hata hao wawili, waache."

Nikahamia kwenye vipande vya chaki. Mara mbili, katika wiki zile, nilijisahau. Mara moja ilikuwa mbuzi wa jirani, mara ya pili sikumbuki nani alikuwa hatarini. Mara zote mbili alinyosha mkono kabla sijamaliza kuandika swali, na mara zote mbili nilifuta.